Muziki ni lugha ya dunia nzima? Nusu ndio, nusu hapana

Kuna watu wanaitwa Kaluli, wanaishi msituni Papua New Guinea karibu na mlima Bosavi, na walikuwa na sherehe yao ya usiku inaitwa gisalo. Wageni wanaingia kwenye nyumba ndefu ya wenyeji, wamejipamba kwa manyoya na majani, wanacheza polepole katikati huku wanaimba, na maneno yenyewe ukiyasikiliza ni kama orodha tu ya sehemu: kijito fulani, kilima fulani, njia ya kwenda shamba fulani la zamani. Basi, hakuna zaidi. Ila zile sehemu ni za wenyeji, na mtu aliyekaa pale gizani akisikia linatajwa jina la kijito alichokuwa anavulia na marehemu kaka yake, anaanza kulia, na sio machozi ya kujifuta kimyakimya, ni kilio cha sauti kabisa, halafu anainuka akiwa na huzuni na hasira kwa pamoja, anachukua mwenge unaowaka na kumchoma mwimbaji begani. Mwimbaji haachi kuimba. Inaenda hivyo mpaka kunakucha, na wakati wa kuondoka ni wageni ndo wanaowaachia wenyeji zawadi, kama fidia kwa kuwaliza.

Watafiti wawili, Edward Schieffelin na Steven Feld, waliishi na hawa watu kuanzia miaka ya 1960 na 1970 na kuandika kwa kirefu walichokiona. Feld aligundua kwamba hata mahadhi ya kilio na ya hizo nyimbo yanafuata sauti ya ndege mmoja wa msituni anaitwa muni, ambaye kwenye hadithi yao alikuwa mtoto wa kiume aliyenyimwa chakula na dada yake mpaka akageuka ndege. Kwahiyo yule ndege akilia msituni, Mkaluli anasikia mtu aliyeachwa peke yake, asiye na wa kumpa chakula. Na wimbo ukipita kwenye njia ileile ya sauti, tayari umeshamgusa kabla hata kijito hakijatajwa.

Sasa chukua rekodi ya wimbo huo, weka kwenye simu yako, vaa hedifoni. Utasikia nini? Sauti nzito ya mwanaume mmoja, mdundo mdogo wa njuga, kitu cha polepole kinachojirudia. Inawezekana kabisa ukasema "dah, inatuliza hii", ukaitumia kulalia. Wimbo uliotungwa ili umlize mtu hadi akuchome moto, wewe umekuletea usingizi.

Ndo maana ule msemo wa "muziki ni lugha ya dunia nzima" unanisumbua. Hausemwi kwa nia mbaya, na kuna ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa nusu, na ile nusu ya pili imefanya watu wengi wadhani kwamba wakishasikia wameelewa. Ngoja tuzitenganishe hizo nusu mbili.

Nusu ya kweli kwanza. Hakuna jamii inayojulikana, kubwa au ndogo, ambayo haina kitu tunachoweza kukiita muziki. Na ni kitu cha zamani sana, kwenye pango la Hohle Fels kule Ujerumani, mwaka 2008 walichimbua filimbi iliyotengenezwa kwa mfupa wa bawa la tumbusi, ina matundu matano ya vidole, na umri wake unakadiriwa karibu miaka 40,000. Yaani binadamu hana kilimo, hana chuma, hana maandishi, ila ana filimbi, na mtu akakaa chini kupima wapi atoboe tundu ili sauti itoke anavyoitaka.

Halafu mwaka 2018 kuna utafiti ulitoka, walichukua vipande 118 vya nyimbo kutoka jamii ndogo 86 za sehemu mbalimbali za dunia, wakawasikilizisha watu 750 wa nchi 60 kwenye intaneti, kila kipande sekunde chache tu, wakawauliza: unadhani huu wimbo ni wa kufanyia nini? Watu hawajui lugha, hawajui kabila, hawajui chochote. Na bado wimbo wa kuchezea waliutambua vizuri, wimbo wa kubembeleza mtoto waliutambua vizuri, wa uponyaji wakautambua kwa kiasi. Wimbo wa mapenzi ndo uliwashinda.

Mimi nadhani hapo kwenye mapenzi ndo pa kutulia na kufikiri. Mtoto mchanga ni yuleyule kila mahali, anatulizwa na sauti laini, ya polepole, inayojirudia bila kushtua, kwahiyo mama wa jangwani na mama wa visiwani bila kuambiana wanafika sehemu moja. Mwili wa kucheza nao ni uleule, miguu miwili na moyo unaodunda, unahitaji mdundo unaoeleweka. Lakini mapenzi? Kuna sehemu mtu anamwimbia mpenzi wake kwa kulalamika, sehemu nyingine kwa kujisifu, sehemu nyingine kwa mafumbo ambayo hata aliyekaa pembeni hatakiwi kujua anasemwa nani. Mwili unafanana, desturi hazifanani. Muziki unaokaa karibu na mwili unasafiri vizuri, ule unaokaa kwenye makubaliano ya watu unafika ukiwa umepoteza nusu ya mzigo wake.

Na makubaliano ni mengi kuliko tunavyodhani. Hata lile jambo ambalo mtu aliyekulia kwenye kwaya anaona ni la asili kabisa, kwamba sauti fulani zikipigwa pamoja "zinapatana" na nyingine "zinagombana" mpaka unakunja uso, hilo nalo halipo kwa kila mtu. Watafiti walienda kwa Watsimane, watu wa msitu wa Amazon upande wa Bolivia, ambao kwa desturi yao hawaimbi kwa sauti tofauti kwa pamoja, wakawapigia sauti zinazopatana na zinazogombana kwa masikio ya wazungu. Majibu yalichapishwa mwaka 2016: Watsimane waliona zote zinapendeza sawasawa. Hawakuwa viziwi, tofauti waliisikia, ila hawakuona kwanini moja iwe nzuri na nyingine mbaya.

Au nenda Bali, Indonesia, kwenye gamelan, lile kundi kubwa la gongo na vyombo vya shaba vinavyogongwa kwa nyundo ndogo. Vyombo vinatengenezwa kwa jozi, na fundi anahakikisha kwa makusudi kwamba viwili vya jozi moja havilingani, kimoja kinatyuniwa juu kidogo ya mwenzake, ili vikigongwa pamoja sauti itetemeke hewani kama maji. Wenyewe wanaita ombak, maana yake wimbi. Ukimpa fundi wa piano chombo hicho atataka kukirekebisha, na akishakirekebisha atakuwa amekiua, kwa sababu kwa mtu wa Bali sauti isiyo na wimbi imekufa. Na kila gamelan inatyuniwa kivyake, huwezi kuchukua chombo cha kijiji hiki ukaenda kupigia na kundi la kijiji kile, havitaongea.

Mbira ya Washona wa Zimbabwe nayo ni hivyohivyo. Ule mlio wa kukwaruza unaosikika nyuma ya sauti, unaotoka kwenye magamba ya konokono au vizibo vya chupa vilivyofungwa kwenye ubao, mtu asiyejua anadhani chombo kibovu. Wapigaji wameviweka wenyewe. Kwenye bira, ule mkesha wa kuita mizimu ya ukoo, mlio huo ni sehemu ya muziki wenyewe, unaujaza ukumbi kama pumzi, unawachanganyia wasikilizaji sauti mpaka kila mmoja anaanza kusikia mahadhi yake humohumo ndani.

Tatizo jingine linaanzia kwenye neno lenyewe. Tunasema "muziki wa dunia" kana kwamba kila jamii ina kabati limeandikwa muziki. Lugha nyingi hazina neno hilo. Sisi wenyewe "muziki" tumelipokea kutoka nje, neno la mizizi ya kibantu tulilonalo ni ngoma, na ngoma ni chombo, ni uchezaji, ni wimbo, ni shughuli yenyewe ya watu waliokusanyika, na kwenye lugha nyingi za kibantu ni mpaka uganga, vyote neno moja, wala hakuna anayechanganyikiwa. Hata Wagiriki wa kale ambao neno muziki lilianzia kwao, mousike yao ilibeba ushairi, wimbo na uchezaji kwa pamoja. Kutenganisha sauti peke yake, kuiweka pembeni iwe ya kusikilizwa ukiwa umekaa kimya kwenye kiti, hilo ni zoea la watu wachache na la hivi karibuni tu.

Na upande mwingine kuna sauti tamu kabisa ambazo wenyewe hawazihesabu kama muziki. Msomaji wa Kurani mwenye tajwidi nzuri anapandisha, anashusha, anavuta, watu wanalia, mgeni angesema anaimba. Muislamu atakwambia hapana, anasoma. Huu sio ubishi wa maneno matupu, kwa sababu kile kinachoitwa muziki kina hukumu zake na mjadala wake mrefu, na kisomo kina adabu zake nyingine kabisa, kwahiyo ukiviweka kwenye fungu moja eti vyote vina mahadhi, umeshawakosea wenyewe.

Kwahiyo mimi nikisikia muziki wa watu nisiowajua nimejifunza kuacha kuuliza kama ni mzuri. Nauliza, unafanya kazi gani pale? Na nani ana ruhusa ya kuufanya? Maswali hayo mawili yanafungua mlango haraka sana.

Chukua kazi yenyewe, kazi ya mikono. Mwaka 1975 mtafiti James Koetting alirekodi wafanyakazi wa posta ya Chuo Kikuu cha Ghana wakigonga mihuri kwenye stempu. Rundo la barua liko mezani, mmoja anaivuta barua na kuipigapiga mezani kwa mdundo, muhuri unashuka, pa, mwingine anapiga mluzi wa mahadhi ya wimbo wa kanisani, mwingine anachezesha mkasi hewani bila kukata kitu, klik klik, na ukisikiliza rekodi bila kuambiwa unadhani ni bendi. Hawakuwa wanafanya onyesho. Barua ni nyingi, kazi ni ileile siku nzima, na mdundo unafanya mkono uende wenyewe. Wanawake wa visiwa vya Hebrides, Scotland, walikuwa wanapiga kitambaa cha sufu kilicholowa juu ya ubao mrefu ili kishikane, mmoja anaanzisha wimbo wengine wanaitikia, na muda wa kazi waliupima kwa nyimbo, yaani mtu anasema kitambaa hiki bado nyimbo tatu, sio bado nusu saa.

Kuna sehemu ambapo kazi ya muziki ni kutunza kumbukumbu, na hapo sio kila mtu anaruhusiwa. Kwa Wamandinka wa Mali, Guinea na majirani zao, anayeimba historia ni jeli, na ujeli unazaliwa nao, ni koo maalumu kama Kouyaté na Diabaté. Wao ndo wamebeba habari za Sunjata Keita aliyeanzisha dola ya Mali karne ya 13, nasaba za watu, nani alimsaidia nani vitani, mikataba ya koo. Kule Niagassola, Guinea, ukoo wa Kouyaté unatunza mpaka leo balafoni moja takatifu, yaani marimba ya mbao, inaitwa Sosso Bala, ambayo masimulizi yanasema ilikuwa ya mfalme Soumaoro Kanté adui wa Sunjata, na UNESCO ikaitambua mwaka 2001. Kwahiyo Salif Keita, mwimbaji maarufu wa Mali na mzao wa ukoo wa kifalme wa Sunjata, alipoamua kuwa mwanamuziki, kwao ilikuwa balaa. Keita anaimbiwa, haimbi. Duniani watu walisikia sauti nzuri kupita kiasi, kwao walisikia mtu aliyevuka mpaka wa ukoo wake, na ukishajua hilo unamsikia tofauti.

Waaborijini wa Australia wao waliweka ramani kwenye nyimbo. Wimbo unafuata safari ya mababu wa mwanzo wa dunia, kutoka kisima hadi mwamba hadi kilima, na mtu anayeujua kwa mpangilio anajua maji yako wapi na njia inapita wapi kwenye jangwa ambalo mgeni angefia. Wimbo huohuo ni hati ya ardhi, kwenye madai ya ardhi kule Australia wazee wameimba na kucheza mbele ya majaji kama ushahidi kwamba nchi ni yao. Na nyimbo nyingine ni za siri, za wanaume tu au wanawake tu, au za waliopitia hatua fulani, kwahiyo mtu akirekodi na kurusha hovyo sio kwamba ametangaza utamaduni, amefichua kitu ambacho hakikuwa chake kufichua.

Kwenye ngoma zinazoongea watu wengi wanakosea. Wanadhani ni kama alama za siri, ngoma tatu maana yake hatari, ngoma mbili maana yake karibuni. Sivyo kabisa. Lugha kama Kiyoruba, au Kilokele cha mto Kongo, zina toni, neno moja likisemwa kwa sauti ya juu au ya chini linabadilika maana, kwahiyo ngoma inaiga zile toni za sentensi na msikilizaji anaisikia lugha yenyewe. Ila ngoma haina konsonanti wala vokali, na maneno mengi yana toni zinazofanana, sasa utajuaje ametaja lipi? Mmisionari John Carrington, aliyeishi na Walokele na kujifunza kupiga, alieleza jibu lao kwenye kitabu mwaka 1949: mpigaji harushi neno peke yake, analirefusha liwe fungu zima linalojulikana, mwezi unakuwa kitu kama "mwezi unaoitazama dunia kule chini", na urefu ndo unaondoa utata. Kiswahili kimepoteza toni, kwahiyo hata tungekuwa na mpigaji hodari kiasi gani ngoma isingeweza kuongea Kiswahili kwa namna ile.

Kesi nazo zimewahi kuimbwa. Greenland ya mashariki, watu wawili wakigombana, kwa kuibiana mke au hata kwa jambo la damu, walikuwa wanaweza kukutana mbele ya watu wote, kila mmoja na ngoma yake ya mkononi, wanaimbiana nyimbo za kusemana walizotunga, na umati unacheka. Anayechekwa zaidi ndo ameshindwa. Kwenye kijiji kidogo kwenye barafu, ambapo kuuana kungemaliza wawindaji wote wanaolisha familia, hiyo ni mahakama yenye akili sana, na wamisionari walipoipiga vita wakidhani ni upagani tu waliondoa na mahakama humohumo.

Kuhusu uponyaji watu huwa wanagawanyika, wengine wanasema ni ushirikina, wengine wanaamini kila kitu. Ukiangalia kwa karibu unakuta kuna utaratibu. Kusini mwa Italia, mkoa wa Puglia, mtu hasa mwanamke alikuwa anaanguka akisemekana ameumwa na buibui, familia inaleta wapiga fidla na tari, nao wanajaribu wimbo huu na ule mpaka mgonjwa aitikie kwa mwili, akianza kucheza hawaachi, saa nyingi, hata siku. Ernesto de Martino alipoenda kuchunguza mwaka 1959 alikuta wengi walikuwa wanarudiwa na ugonjwa kila mwaka karibu na sikukuu ya Mtakatifu Paulo, buibui wa kawaida hafuati kalenda namna hiyo, na akaona nyuma yake kuna misiba, ndoa za kulazimishwa, maisha magumu yasiyosemeka. Muziki uliwapa nafasi ya kuvisema kwa mwili. Na hospitalini leo kuna jambo ambalo mimi huwa linanigusa sana: mtu aliyepata kiharusi akapoteza usemi anaweza akashindwa kutamka jina lake ila akaweza kuimba wimbo na maneno yake yote. Mwaka 1973 madaktari wa Marekani walichapisha njia ya tiba kutokana na hilo, mgonjwa anafundishwa sentensi za kila siku kwa mahadhi, anagonga mkono taratibu, na kidogokidogo mahadhi yanapunguzwa yabaki maneno.

Watawala wao hawajawahi kudharau muziki. China ya kale waliuweka kwenye serikali kabisa, Konfusio na wafuasi wake waliuhesabu pamoja na taratibu za heshima kama nguzo ya utawala, na nasaba mpya ya wafalme ikiingia ilikuwa kawaida kupima upya sauti ya msingi, kana kwamba nchi imetyuniwa vibaya. Kwenye kaburi la mtawala wa Zeng, dola moja ndogo ya hukohuko, la karibu mwaka 433 kabla ya Kristo walikuta kengele 65 za shaba, na karibu kila kengele inatoa sauti mbili tofauti kutegemea umeigonga katikati au pembeni. Huwezi kupata hiyo kwa bahati, hiyo ni serikali imeweka wataalamu na mali.

Na wakiogopa wanapiga marufuku. Watumwa wa South Carolina walipoasi mwaka 1739 wakiandamana na ngoma, mwaka uliofuata sheria ikawakataza ngoma. Trinidad nako Waingereza walibana ngoma miaka ya 1880, watu wakahamia kwenye mianzi, wanakata vipande vya urefu tofauti wanavigonga chini, baadae wakaja kwenye makopo na vyuma chakavu, mwishowe mapipa ya mafuta, na mtu akagundua kwamba ukilibonyeza pipa kwa nyundo sehemu mbalimbali kila sehemu inatoa sauti yake. Ndo hizo ngoma za chuma zinazopiga mahadhi kamili, tangu 1992 ni chombo cha taifa la Trinidad na Tobago. Mwanzo wa chombo kile una katazo nyuma yake.

Estonia walienda njia nyingine. Watu kama milioni moja na nusu tu, chini ya Usovieti, ila walikuwa na tamasha la kwaya tangu 1869 ambalo halikufa, maelfu wanaimba kwa pamoja. Mwaka 1988 umati ukawa unajaa usiku kwenye viwanja vya tamasha Tallinn kuimba nyimbo za nchi yao zilizokuwa hazitakiwi, mwezi wa tisa ikakadiriwa walifika watu 300,000, na tarehe 20 Agosti 1991 wakatangaza uhuru wao umerudi. Sio kwamba nyimbo zilifukuza jeshi, Moscow kwenyewe kulikuwa kunayumba, lakini watu waliozoea kupumua pamoja kwenye mstari mmoja wa wimbo hawahitaji kufundishwa kusimama pamoja.

Wimbo unaweza pia kubadili kazi bila kubadili mahadhi. Enoch Sontonga, mwalimu na mkuu wa kwaya karibu na Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 kama sala ya kanisani. Mwaka 1912 ukaimbwa kwenye mkutano uliozaa ANC, chama cha kupigania haki za Waafrika kule Afrika Kusini, ukawa wa mapambano, Tanzania na Zambia wakachukua mahadhi yake kwa wimbo wa taifa, na tangu 1997 Afrika Kusini wanauimba umeunganishwa na ule wa utawala wa makaburu, lugha tano ndani ya wimbo mmoja. Noti zilezile, na bado aliyeuimba mazishini wakati wa maasi ya Soweto ya mwaka 1976 na anayeuimba uwanjani kabla ya mechi wanabeba vitu viwili tofauti kifuani.

Sasa rudi kwenye ule wimbo wa kubembeleza mtoto, unaoeleweka na kila mtu. Karibu mwaka 1970 mtafiti Hugo Zemp alimrekodi mama mmoja wa Kibaegu kwenye kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, akiimba bembelezo la kwao. Mwaka 1992 kundi moja la Ufaransa likachukua sauti ile likaiwekea biti la kompyuta, ikapigwa kwenye madisko na matangazo ya biashara dunia nzima, watu wakaipenda kweli. Miaka michache baadae mpiga saksofoni mmoja wa Ulaya akayarekodi mahadhi yaleyale akaupa wimbo wake jina la Mbilikimo, akidhani umetoka misitu ya Afrika ya kati, yaani kosa la nusu nzima ya dunia. Walichosikia wote hawakukosea sana, ni laini, unatuliza, unajirudia, mtoto angelala. Ila kwenye Kibaegu anayeimba ni kaka mtu, amembeba mdogo wake anayelia, anamwambia anyamaze, maana hata akilia ni nani mwingine atakayembeba, wazazi hawapo tena, wamebaki wao wawili.